Mjini, Ng'ambo au Shamba?

Dalali wa kwanza nilimkuta Darajani, amekaa juu ya vespa yake kwenye kivuli cha duka la simu. Hakuniuliza nataka vyumba vingapi wala nina pesa kiasi gani. Aliniangalia viatu, akaliangalia begi, kisha akauliza: "Umeoa?"

Nimeoa, nikamjibu, na watoto wawili.

"Wako hapa?"

Wako Tanga.

Akaguna. "Basi kazi ipo. Nyumba si tabu, nyumba zipo tele. Lakini mwanamme peke yake wenye nyumba hawamtaki. Wewe utasema una mke, wao watasema bachela huyo." Akaiwasha vespa kwa teke, akasogea mbele kunipa nafasi. "Haya, wataka mjini, ng'ambo au shamba?"

Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma na joto lake, wiki chache kabla ya Ramadhani. Nilikuwa nimepata kazi ya tafsiri ya miaka miwili katika ofisi moja ya Vuga, na makubaliano ya nyumbani yalikuwa kwamba mimi nitangulie, nitafute nyumba, kisha mama watoto avuke na wanetu kabla mwezi haujaandama. Nilikuja na daftari. Humo nilikuwa nimeandika mambo ya kuuliza: maji, umbali wa kazini, shule, kodi. Habari ya ndoa sikuiandika popote.

Mtu wa Tanga hujiona Mswahili aliyekamilika, kwa hiyo nilidhani Unguja nitaingia kama naingia uani kwetu. Nikamwambia dalali natafuta nyumba ya kupanga, yenye sebule, karibu na shule. Akanirudishia maneno yangu yamesahihishwa, taratibu, kama mwalimu asiyetaka kumwaibisha mwanafunzi: nyumba ya kukodi, yenye ukumbi, karibu na skuli. Nikayaandika.

Yale maneno yake matatu pia ilibidi niyajifunze upya. Mjini ni Mji Mkongwe, basi. Mtu wa Kikwajuni, ambaye kwa miguu anafika Forodhani kabla kahawa yake haijapoa, anakwambia "nakwenda mjini" kana kwamba anakata tiketi. Ng'ambo ni ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mji wa mawe na mitaa ya udongo. Waingereza walilifukia kidogo kidogo, kazi ikaisha miaka ya 1950, na juu yake imepita barabara ambayo leo inaitwa Benjamin Mkapa. Maji hayapo, daraja halipo, jina la Darajani lipo, na watu mpaka leo wanavuka. Shamba ni kwingine kote, hata penye ghorofa na duka la vioo.

Wiki ile nililala Mkunazini kwa mwenyeji wangu, mfanyakazi mwenzangu anayeishi katika nyumba ile ile alimozaliwa. Kwa hiyo nikaanzia mjini, na nikiri mapema: nilitaka nyumba ya mjini kuliko kitu chochote. Vuga ni mwendo wa dakika chache. Alfajiri adhana zinapokezana msikiti kwa msikiti, halafu unasikia komeo la kwanza linafunguliwa, halafu inakuja harufu ya mkate wa ufuta. Nani asiyetaka?

Dalali akanipeleka Kiponda. Nyumba ya ghorofa tatu; nilioneshwa ghorofa ya pili, vyumba viwili na ukumbi. Mlango wa nje wa nakshi, ngazi za mbao zenye giza la kupapasa. Nikakipima chumba kwa hatua: upana hatua nne, urefu kumi na mbili. Vyumba vya Mji Mkongwe karibu vyote vina umbo hilo la mtumbwi, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikandaa, na boriti hizo hazivuki mita tatu na kitu. Tajiri aliyetaka chumba kikubwa aliongezewa urefu. Upana hakuna fundi aliyeweza kumpa. Ukuta ulikuwa mnene wa dhiraa nzima, na humo ndani, saa saba ya mchana wa kaskazi, palikuwa baridi kama msikitini.

Ila ukuta ulikuwa unatoa jasho. Nikaweka kiganja, kikarudi na unga mweupe wa chumvi. Usiku mwenyeji wangu akanifafanulia. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua. Anakuja mtu na pesa zake, anaupiga ukuta plasta ya saruji ili upendeze. Unyevu unafungiwa ndani, hauna pa kutokea, unaanza kula jiwe. "Wenye pesa ndio wanaoziua," alisema. "Masikini hana saruji, ndiyo maana nyumba yake bado imesimama." Si kweli kabisa. Nyumba za masikini nazo huporomoka masika ikikolea, na hata jumba la Sultani Seyyid Barghash, Beit al Ajaib la mwaka 1883, ambalo nililipita kila jioni nikienda Forodhani, upande wake mmoja ulianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Lakini nilimwelewa.

Mwenye nyumba ya Kiponda alikuwa mstaarabu, alitukaribisha kwa kahawa ya tangawizi. Nikamuuliza kodi. Akaitaja kwa dola. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona si mbaya, nikamshukuru Mungu kimyakimya.

"Kwa mwezi?" nikauliza, kuhakikisha tu.

"Kwa usiku."

Dalali akatazama dari.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya ule mji kuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilitaifishwa. Wenyewe wengi walikuwa wameshaondoka au wakaondoka baadaye, Omani, Uingereza, Dar es Salaam, na watu wa ng'ambo na wa Pemba wakagaiwa vyumba ndani yake. Ndiyo maana nyumba moja ya sultani au ya Mhindi mfanyabiashara unaikuta na familia tano zisizo na ukoo, kila moja na jiko lake kwenye kiambaza. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji, na hilo jema. Lakini nyumba ikishahifadhiwa vizuri inampendeza mgeni wa siku tatu kuliko mpangaji wa miaka miwili. Mwenye nyumba hakuwa na kosa. "Nikikupa kwa mwezi," aliniuliza bila ubaya, "mie nile nini?"

Tulipokuwa tunashuka, bibi mmoja wa ghorofa ya chini aliyekuwa akichambua mchicha kizingitini akaniita. Shikamoo, nikasema. Marahaba mwanangu. "Friji unayo?" Ninayo, Tanga. Akaelekeza kisu kwenye zile ngazi nyembamba, akaendelea na mchicha wake. Nikaifuta Kiponda daftarini.

Siku ya pili tukavuka.

Wageni wanaokuja na vitabu vya utalii huambiwa ng'ambo hakuna kitu. Mimi naona Unguja yenyewe iko ng'ambo. Hapa ndipo waliposhukia waliotoka utumwani, wachukuzi, wavuvi na vibarua wa karafuu, wakajenga nyumba za udongo na makuti. Nyumba ilikuwa yako, ila ardhi ilikuwa ya tajiri, na ulimlipa kodi ya ardhi iliyo chini ya kitanda chako. Mwaka 1928 watu wa ng'ambo waligoma kulipa. Mwaka huo huo jirani yao mmoja alikwenda Bombay kurekodi santuri: Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuhamia mjini mwaka 1911 baada ya kuwa mfinyanzi na muuza vyungu. Yeye naye alipofika alitafuta pa kukaa kama mimi, na alikaa ng'ambo. Jina la Fumba liwekeni, tutalirudia.

Serikali ya Mzee Karume iliifanya ardhi mali ya serikali na ikataka ng'ambo yote isimame upya. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walianza na fleti za Kikwajuni na Kilimani, kisha yakaja majumba ya Michenzani, kumi, mengine yana urefu wa mita 300, yamepangwa msalaba kwenye njia panda. Nyumba nyingi za udongo zilibomolewa kuyapisha. Watu huyaita treni, na kweli ukiyatazama magharibi taa zikiwaka dirisha kwa dirisha, unangoja yaondoke.

Dalali alikuwa na fleti ya ghorofa ya tano. Lifti hakuna. Nikaanza kuzihesabu ngazi, nikaacha, nikaanza kuhesabu madumu: kila penye kona ya ngazi palikuwa na dumu la njano, moja au mawili, yamewekwa na mtu aliyepumzika na atakayerudi kuyachukua. Hakuna anayeiba dumu la mwenzake, dalali aliniambia, kwa fahari kama ya mtu anayenionesha bustani. Ghorofa ya tatu tulimkuta mzee mmoja, kofia ya kiua na kikoi, amekaa juu ya dumu lake anavuta pumzi. Nikataka kumsaidia, akakataa.

"Mie nimehamia hapa na nguvu zangu," alisema. "Nilikuwa napanda nakimbia. Sasa napanda kwa vituo, kama gari la shamba."

Nikamuuliza mbona hahami.

"Nende wapi? Hapa msikitini nenda kwa miguu. Sokoni kwa miguu. Spitali kwa miguu. Siku nikifa, makaburini wanipeleka kwa miguu." Akainuka, akalishika dumu. "Tabu ni ngazi tu."

Nyumba ilikuwa nzuri: upepo wa bahari moja kwa moja, na kutoka dirishani niliona mabati yote ya ng'ambo mpaka minara ya mjini. Kilichonishinda ni karatasi. Aliyekuwa ananikodisha naye alikuwa amekodishwa na mtu mwingine, ambaye naye fleti ilikuwa kwa jina la shangazi yake. Nikauliza itakuwaje shangazi akirudi. Dalali akasema "usijali." Nimeishi miaka ya kutosha kujua neno hilo lina maana gani kwenye midomo ya madalali.

Tukiwa bado Michenzani, mwenyeji wangu, aliyetufuata baada ya kazi, akanipa somo jingine ambalo halikuwemo daftarini. Nilikuwa naelekea kukaa kwenye baraza moja ninywe kahawa. Akanivuta mkono. "Kabla hujakaa, tazama bendera." Baraza nyingi Unguja ni maskani, na maskani zina vyama. Kisonge, pale Michenzani, ni ya CCM. Jaws Corner ya Sokomuhogo, iliyopewa jina la ile filamu ya papa, ni ngome ya upinzani miaka nenda rudi. Kahawa ni ile ile, dhumna ni zile zile, na mgeni hafukuzwi popote. Lakini ukikaa kila jioni mahali pamoja, mtaa umeshakuandika. Mimi nilichotaka ni kahawa tu.

Mitaa ya kusini nitaipitia haraka, kwa sababu na mimi niliipitia haraka. Nilipanda gari namba 505, ile ya uwanja wa ndege, konda ananing'inia mlangoni, na nikaona Mazizini, Kiembesamaki na njia ya Mbweni kupitia dirishani: kuta ndefu, mabogenvilia, mageti ya chuma, mlinzi kwenye kiti cha plastiki. Mbweni ina historia ya kupendeza. Karne ya 19 wamisionari wa Kiingereza walikuwa na makazi na skuli ya watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na magofu yake yapo. Lakini ni mitaa ya kuwa na gari. Nilitembea nusu saa bila kuona mtu wa kumsalimia, na hilo Unguja ni jambo la kutisha.

Bububu nilikwenda na gari namba 502 kwa hesabu niliyoiona ya kijanja. Seyyid Barghash ndiye aliyevuta maji kwa mfereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu mpaka mjini. Basi, nikajiambia, aliyekaa karibu na chemchemi hawezi kukosa maji. Mama mmoja muuza boflo nilipomweleza hesabu yangu alicheka mpaka akashika meza. "Maji yatoka huku," alisema, "lakini hayalali huku." Zamani ungerudi mjini kwa treni: mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walitandika reli kutoka mjini mpaka Bububu, maili saba, na treni ikipita katikati ya maduka inatema cheche. Reli iling'olewa zamani. Mimi nilirudi kwa foleni ya saa kumi na moja, na goti la abiria mwenzangu ubavuni.

Kufikia siku ya nne dalali alikuwa amenichoka kidogo. "Twende Fuoni," alisema. "Huko ndiko watu wanakohamia."

Alisema kweli. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu 593,678. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Hawa laki tatu walioongezeka hawakuingia Kiponda, ambako watu wanatoka, wala Michenzani, ambako hawatoshi. Wamejenga Fuoni, Kwarara, Kijitoupele, Tomondo, na kuendelea, juu ya mashamba ya muhogo na minazi ambayo jina la shamba halijayatoka bado. Ukipita unaona kisiwa kizima kinafyatua matofali. Nondo zimesimama juu ya mapaa zikingoja ghorofa ya pili, ambayo inangoja mtoto aliyeko Omani atume.

Nyumba aliyonionesha ilikuwa mpya, ndani ya ukuta wake, vyumba vitatu, tangi la lita elfu mbili, marumaru mpaka jikoni, laki tatu kwa mwezi. Nilishaanza kumpigia simu mama watoto. Kisha nikaona rangi. Nyumba yote ilikuwa na rangi ya maziwa, ila chini, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti langu, rangi ilikuwa mbichi zaidi, imezunguka chumba kwa chumba kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa uzi. Nikatoka nje. Mstari ulikuwepo nje pia. Nikaenda kwenye ukuta wa jirani, ambao haukupakwa, nikaukuta mstari ule ule, wa tope.

"Wamependezesha tu," dalali alisema.

Mtoto wa kiume wa miaka kama minane alikuwa anatutazama, anaendesha gurudumu la baiskeli kwa kijiti. Nikamuuliza mvua ikinyesha hapa inakuwaje.

"Hapa?" akasema. Uso ukang'aa. "Masika iliyopita tulikuwa tunaogelea hapa!"

"Nenda skuli wewe," dalali akamwambia.

"Leo Jumamosi."

Huko kote maji ya mvua yalikuwa na njia zake kabla ya watu. Kibonde Mzungu, ambako jina lenyewe linakwambia ni bonde, na Mwanakwerekwe, ambako barabara iligeuka ziwa masika kwa masika, wenyeji wanayajua. Mgeni anaonyeshwa Februari, ardhi imekauka inapasuka, marumaru zinameta. Nikajiapiza kwamba kama nikipata mamlaka nchi hii, nyumba zote zitakodishwa mwezi wa nne.

Fumba nilikwenda peke yangu, si kwa kukodi, kwa udadisi tu. Ni takriban kilomita 20 kusini mwa mji, kwenye rasi, na huko unajengwa mji mpya kabisa, Fumba Town, wenye njia zilizopangwa, miti iliyopandwa kwa mstari na nyumba ambazo hata mgeni wa nje anaweza kununua kwa ukodishaji wa muda mrefu. Umeme wa Unguja wote unaingilia huko: waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni ya Dar es Salaam unapandia Fumba, na waya mpya wa megawati 100 uliunganishwa mwaka 2013, baada ya kisiwa kuwahi kukaa miezi mitatu gizani kuanzia Desemba 2009. (Pemba inapata wake kutoka Tanga. Hilo sikuacha kumwambia dalali, na alilipokea kwa heshima iliyostahili.)

Nilinunua dafu, nikakaa. Wakala kijana mwenye shati la pasi alinipa kipeperushi chenye picha za watu wanaokimbia ufukweni. Alinieleza utulivu, hewa safi, kukaa mbali na kelele za mji. Nikawa nawaza juu ya yule msichana wa hapa hapa aliyefinyanga vyungu, akavibeba kwa miguu mpaka mjini kwenda kuuza, mpaka akaona bora ahamie kwenye kelele zenyewe. Karne moja na kitu imepita, na sasa pesa zinatoka mjini kwenda Fumba kutafuta kimya alichokikimbia Siti. Bei zilikuwa kwa dola pia. Angalau hapa hawakusema kwa usiku.

Jang'ombe ilikuja kwa bahati, na si kwa dalali. Mke wa mwenyeji wangu alikuwa na khalati yake huko, mjane, ambaye wapangaji wake walikuwa wamehamia Pemba. Nikamwambia dalali. Hakukasirika, naye alikuja, akasema njia aijua na udalali wake ni ule ule.

Jang'ombe ni ng'ambo ya zamani, mwendo wa nusu saa kwa miguu hadi Vuga, mtaa ulio na timu mbili za mpira zisizopendana, Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe. Nyumba ilikuwa ya kawaida kabisa: baraza ya saruji mbele, ukumbi katikati, chumba kila upande, kisha ua, na uani banda la vyumba viwili alimokaa Bi mkubwa mwenyewe. Mwembe mmoja. Kisima chenye mfuniko wa mbao. Nikauangalia ukuta chini kabla ya kuangalia kitu kingine; haukuwa na mstari.

Bi mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, anasuka ukili. Nikamsalimia, akaitika bila kuinua macho, na vidole havikusimama.

"Mtu wa wapi?"

Wa Tanga, Bi mkubwa.

"Tanga ipi?"

Nikamtajia mtaa, nikamtajia na kwa mama, Pangani. Vidole vikapunguza kasi. Alikuwa na watu Pangani. Tukapita kwa watu hao mmoja mmoja. Wawili niliwajua kwa majina, mmoja nilimzika. Akaniuliza nasali wapi, nafanya kazi gani, tafsiri ni kitu gani na mtu anailipia kwa nini. Nyumba hakuitaja, na mimi nikaona si adabu kuitaja kabla yake.

"Na mkeo?"

Yuko Tanga, nangoja nipate nyumba nimlete.

"Wote wasema hivyo," alisema. "Wa mwisho alisema mkewe yuko njiani. Njia ile haikwisha mwaka mzima." Akauweka ukili chini, akanyoosha mkono. "Mpigie. Nseme naye mie."

Nikampigia mama watoto, nikamwambia haraka haraka kuna mtu mzima anataka kukusalimia. Bi mkubwa akaichukua simu, akainuka kwa kujishika ukuta, akaenda nayo uani akafunga mlango. Mimi na dalali tukabaki ukumbini tukitazamana. Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Tulisikia kicheko, kimoja cha huku, na kingine chembamba cha ndani ya simu ambacho nilikijua. Salio langu nilililia kimoyomoyo.

Kodi niliyotajiwa na dalali ilikuwa laki mbili na nusu, miezi sita mbele. Bi mkubwa aliporudi alinipa simu, ina moto, akakaa, akaushika ukili wake.

"Laki mbili na ishirini, miezi minne," alisema. "Nshaelewana na mwenzio. Mlango wa uani msiufunge usiku, mie huamka kutia udhu kisimani. Na mtoto wako mdogo, pumu yake, banda la kuku nitalihamisha."

Dalali akanitazama. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote Unguja habari za pumu.

Yaliyobaki yalikuwa ya karatasi. Sheha, yaani mkuu wa mtaa, alikuwa na ofisi ya chumba kimoja, na nilikwenda na nakala ya kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa wetu wa Tanga, na hotuba ndefu niliyoitunga njiani. Aliuliza nimefikia nyumba gani. Nilipomtajia, akachukua muhuri. "Kama Bi mkubwa keshakuhoji," alisema, "mimi nikuulize nini tena?" Arbuni nikailipa, dalali nikampa kodi yake ya mwezi mmoja, tukaagana Darajani pale pale tulipokutana. Aliniambia vespa yake inauzwa, kama naitaka.

Wiki mbili baadaye nilikwenda bandarini Malindi kupokea watu wangu. Boti ilichelewa. Nikaketi kwenye ukuta, mgongo wangu kwenye mtaa aliokulia Abdulrazak Gurnah kabla hajaondoka kwenda Uingereza na kuandika riwaya juu ya watu wanaoondoka. Mimi nilikuwa na mpango wa jioni nzima kichwani: nitawapitisha Forodhani wale urojo, nitamwonesha mama watoto Jaws Corner bila kukaa, nitamweleza mjini ni wapi na ng'ambo ni wapi, na kwamba hapa hatusemi sebule.

Wakatoka katikati ya masanduku na vikapu, mdogo amelala begani, mkubwa ana njaa. Mama watoto alinisalimia, akanikabidhi mtoto, akatazama saa.

"Umejaza ndoo?" akauliza.

Ndoo gani?

"Leo Jumanne, maji yanatoka saa kumi mpaka magharibi. Bi mkubwa kaniambia atatujazia mbili, nyingine tujaze wenyewe." Alikuwa ameshamsimamisha dereva wa bajaji, ameshamwambia Jang'ombe, na ameshamkatalia bei yake ya kwanza. "Twende bwana, ukumbi wenyewe nimeambiwa haujafagiliwa."

Nilikuwa nimeishi Jang'ombe siku kumi na nne. Kila usiku nilikuwa nachota kisimani.